Usimnunue Mtu Angali Ua

Masomo: Matendo 18:1–4 na 24–28, 3 Yohana 13–14



Mwezi huu nataka tuseme juu ya jambo ambalo vijana wetu huliuliza sana, nalo ni hili: mtu afanyeje ili ajuane na watu wa kumfaa katika biashara yake, kwa simu na kwa uso? Alimaye maharage kule Ihembe atamjuaje mnunuzi wa Mwanza? Fundi cherehani wa Nkwenda atapataje wateja wa Kayanga? Mwenye ndizi wa Kaisho atamwaminije mwenye lori ambaye hajapata kumwona?

Wako watakaosema kwamba hayo si ya madhabahuni, ni ya gulioni. Lakini fungueni Matendo ya Mitume, sura ya 18. Paulo alipofika Korintho alikuwa mgeni, hana mtu. Akamtafuta Myahudi mmoja aitwaye Akila, pamoja na mkewe Prisila, ambao walikuwa wamefukuzwa Rumi kwa amri ya Kaisari Klaudio. Luka atuambia wazi sababu ya Paulo kukaa kwao: kazi yao ilikuwa moja, wote walishona mahema. Basi, kabla kanisa la Korintho halijajulikana kwa karama zake wala kwa magomvi yake, palikuwa na karakana, na watu watatu wenye sindano. Tena kule Filipi, mtu wa kwanza kumfungulia Paulo mlango wa nyumba yake alikuwa Lidia, mama mfanya biashara wa nguo za zambarau, mwenyeji wa Thiatira. Bwana hakuona haya kupita katika njia za wafanya biashara. Kwa hiyo na sisi tusione haya kuzisema.

Wengi wenu mwajua butura, lakini gazeti hili husomwa hata na watoto wetu walio mbali, kwa hiyo nieleze. Kahawa ikiwa bado ni ua, au ni punje changa za kijani, mwenye fedha huja nyumbani kwa mkulima. Hafiki wakati wa furaha. Hufika wakati wa shida, maana habari za shida husafiri upesi kuliko za harusi. Humpa mkulima fedha kidogo, na tangu siku ile mavuno ya mibuni ile ni yake. Mkulima atapalilia, atapunguza matawi, atachuma, ataanika, atalinda usiku, kisha atampimia mwingine. Viongozi wameikataza butura mara nyingi, nayo yaendelea jioni jioni, kimya kimya, kwa karatasi isiyo na muhuri.

Tusimcheke mwenye kuuza. Mavuno yetu huanza katikati ya mwaka, lakini magonjwa hayangoji, na shule hufunguliwa Januari. Ni kweli kwamba ada ya shule za serikali hadi kidato cha nne ilifutwa mwaka 2016, tunaishukuru Serikali. Lakini viatu, sare na madaftari havikufutwa. Mama anayemwuguza mtoto Nyakahanga hawezi kuwaambia waganga wangoje kahawa iive. Mwaka 2024 bei ya robusta ulimwenguni ilipanda kupita kiasi, kwa kuwa ukame ulipunguza mavuno huko Vietnam na Brazil. Katika mwaka wa namna hiyo nyumba iliyouza maua yake hutazama tu. Jirani zake hubadilisha nyasi kwa bati, nayo hubeba magunia ya mtu mwingine.

Basi kwa nini naanza na butura, nami niliahidi kusema juu ya kujuana? Kwa sababu naona ya kwamba wengi wetu twafanyiana butura sisi kwa sisi, si kwa kahawa tu, bali kwa nafsi za watu. Kijana amesikia kwamba mtu wa kijiji chao amepata kazi halmashauri, au amefungua duka la pembejeo Omurushaka. Miaka mitano hajamjulia hali. Leo anatuma ujumbe: "Shikamoo mzee wangu, nimekukumbuka sana." Kesho tena: "Umeamkaje, mzee wangu?" Siku ya tatu shida yatoka. Huyo amelipa fedha ndogo ya salamu, naye ataka kuchukua mavuno yote. Amemnunua mtu angali ua.

Na wakubwa nao hufanya vivyo hivyo. Mwenye mali humwinua kijana kwa mtaji wa kuku kumi, kisha humfanya mtumwa wa maisha. Akimwona amesimama mwenyewe humwita mwizi wa fadhila. Labani alimfanyia Yakobo hivyo. Alimkaribisha kama damu yake, akamtumikisha miaka 20, na ujira wake akaubadilisha mara kumi. Ujamaa ulikuwapo pale, kazi ilikuwapo, na mali iliongezeka sana. Lakini mwisho wake Yakobo aliondoka kwa kutoroka, na jiwe likasimamishwa kati yao ili asivuke mtu kumdhuru mwenzake. Mimi naona mikataba mingi ya biashara zetu leo ni jiwe lile lile.

Wazee wetu walilijua jambo hili kwa njia yao. Hapa Kagera palikuwa na omukago, undugu wa damu. Watu wawili wasiozaliwa tumbo moja walitwaa tunda moja la kahawa, ambalo ndani yake mna punje mbili zilizolaliana, wakazipaka damu zao, kila mmoja akaimeza punje ya mwenzake. Tangu hapo mmoja akisafiri alikuwa na nyumba ya kulala, na mali yake ilikuwa na mlinzi. Msidhani kwamba walikuwa wakicheza. Karagwe ilikuwa nchi ya njia kuu. Speke alipofika kwa Mukama Rumanyika mwaka 1861 alikuta wafanya biashara wa pwani wamekwisha kuzoeleka, nao walikuwa na kituo chao Kafuro, si mbali na Bweranyange, mwendo wa majuma mengi kutoka Tabora. Katika mwendo kama huo mtu hawezi kwenda kwa akili peke yake. Lazima awe na nyumba anakojulikana.

Sisi haturudi kwenye damu ya omukago, maana tunayo Damu moja iliyomwagwa mara moja kwa wote. Lakini naomba tujiulize kama undugu wetu wa Damu hiyo una nguvu kama ule wa punje mbili. Babu zetu wa Uamsho, ule ulioanza Gahini huko Rwanda katika miaka ya 1930 ukavuka mpaka ukaingia kwetu, waliujibu ulizo huu kwa matendo. Walioguswa walirudisha vitu walivyoiba na kulipa madeni ya zamani, hata yale ambayo mwenye kudai amekwisha kuyasahau. Waliposafiri walilala kwa ndugu, wakala kwa ndugu. Hawakuwa na kadi zenye majina wala namba za simu. Walikuwa na sifa, nayo sifa iliwatangulia kijijini.

Sasa tuje kwenye simu, maana wazee wengine huilaumu simu kwa kila ovu, nami siwaungi mkono. Simu imetusaidia. Zamani mchuuzi aliweza kumwambia mkulima wa Murongo bei yo yote, naye hakuwa na njia ya kujua bei ya Kayanga. Leo mnada wa kahawa ukifanyika, bei hufika vijijini kabla ya jua kutua. Mama mwenye maharage hupiga picha, akaiweka katika kundi la WhatsApp, na mtu wa Mwanza akauliza habari zake siku ile ile. Kyerwa ilipotengwa na Karagwe mwaka 2012 kuwa wilaya yake, watu hawakutengana. Na simu ni mojawapo ya kamba zilizotufunga pamoja. Hata jamaa zetu wa Kikagati, ng'ambo ya mto, twasalimiana nao kila siku kwa lugha tunayosikilizana. (Nasema kusalimiana. Magunia yanayovuka usiku ni neno jingine, na wahusika wanajijua.)

Lakini simu yakuonyesha jina, haikuonyeshi mtu. Nani kati yetu hajapata ujumbe ule usemao ile hela uitume kwenye namba hii? Mwizi yule hakujui, bali ameotea tu kwamba yuko mtu unayemdai au anayekudai, akaingia katikati ya kuaminiana kwenu. Iko namba 15040 ya kupelekea habari za utapeli wa namna hiyo, nayo yafaa itumike. Ila dawa ya kwanza ni nyepesi: mpigie mwenzako, uisikie sauti yake, ndipo utume.

Liko na kubwa kuliko hilo, nalo latuhusu sisi watu wa makanisa. Mnakumbuka DECI. Watu waliambiwa wapande mbegu ya fedha nao watavuna maradufu, na mbegu ya mwenye kuvuna ilikuwa ni fedha ya aliyeingia nyuma yake. Mwaka 2009 Serikali iliikomesha, viongozi wake wakapelekwa mahakamani, na mwaka 2013 Mahakama ya Kisutu ikawatia hatiani. Kilichonihuzunisha si hesabu ile mbovu, maana hesabu mbovu ni nyingi duniani. Kilichonihuzunisha ni njia iliyopitia. Watu wengi hawakuingizwa na wageni. Waliingizwa na wenzao wa kusali, walioimba nao kwaya moja. Kujuana kwetu katika Bwana ndiko kulikouzwa. Na mpaka leo kila mara hutokea mwingine katika simu na maneno mapya ya mbegu ile ile. Mtu akikuambia kwamba faida yako itatokana na kuingiza rafiki zako watano, jua kwamba bidhaa inayouzwa hapo ni rafiki zako.

Basi mtu mwaminifu aitumieje simu? Nitasema niliyoyaona yakifaa. Ukitangaza kitu, kitangaze kama kilivyo. Picha ya debe la juu isifiche mchanga wa debe la chini. Taja uzito wa kilo, wala si "gunia" tu, maana sote twajua lumbesa ni nini, na Sheria ya Vipimo yaikataza, na kabla ya sheria hiyo Walawi sura ya 19 iliikataza. Ukipewa namba ya mtu, jitambulishe kwa jina lako, la kijiji chako, na la yule aliyekupa namba. Ukiahidi kupiga saa nne, piga saa nne. Tena, na hapa ndipo wengi huanguka, jibu hata habari ikiwa mbaya. Lori limeharibika, mvua imenyesha juu ya mzigo, bei imeshuka: sema. Mfanya biashara aliyezima simu siku moja ya shida amejiharibia miaka, kwa kuwa mwenzake hatakumbuka siku mia alizojibu, atakumbuka ile moja.

Kisha nenda. Mzee Yohana aliandika barua, na barua ni simu ya siku zile. Katika waraka wake wa tatu, ulio mfupi kabisa, alimwandikia rafiki yake Gayo juu ya wageni waliohitaji kupokewa na kusafirishwa, na juu ya Diotrefe aliyewafungia mlango. Alipokaribia mwisho alikuwa na mengi bado, lakini hakutaka kuyamalizia kwa wino. Alitumaini kufika upesi wakaseme ana kwa ana. Mtume hakudharau kalamu. Kama angaliidharau tusingalikuwa na waraka. Aliijua kazi ya kalamu na mpaka wake. Wino hupeleka habari, lakini hauwezi kumtazama Gayo usoni na kuona kwamba amechoka.

Vivyo hivyo ninyi. Mnunuzi wa mbali akikusifu katika simu, mkaribishe aje auone mgomba wako, ale matoke, aketi na wazazi wako. Wewe nawe ukienda Bukoba au Mwanza kwa shughuli nyingine, usipite bila kubisha hodi kwa yule mnayefanya kazi pamoja, hata kama siku hiyo huna cha kumwuzia. Hasa kama huna cha kumwuzia. Ibrahimu alipotaka shamba la Makpela apate kumzika Sara, angaliweza kulipokea bure kwa maneno matamu ya Efroni Mhiti. Hakukubali. Alisimama mbele ya wenyeji langoni mwa mji, akapima shekeli 400 za fedha, watu wakiona. Kuonana hakukuondoa mizani, na mizani haikuondoa heshima.

Hapa niwaonye kidogo vijana wetu hodari. Mmezoea kugawa namba zenu hata msibani. Mtu angali analia, ninyi mwamwambia kwamba mna mchanga na matofali. Najua kaburi linahitaji matofali. Ngojeni azike. Na kundi la simu la parokia limewekwa kwa habari za ibada, wagonjwa na misiba. Mkiligeuza kuwa gulio mtatufanya tuyakumbuke meza zile ambazo Bwana alizipindua.

Katika somo letu tena yuko Apollo, mtu wa Iskanderia, msemaji hodari. Prisila na Akila walimsikia akisema katika sinagogi, wakaona kuna lililopungua, wakamchukua kwao wakamweleza kwa usahihi zaidi. Hawakumwaibisha mbele ya watu. Baadaye alipotaka kuvuka kwenda Akaya, ndugu wa Efeso waliwaandikia wanafunzi wa kule wampokee. Hiyo ndiyo barua ya utambulisho, na mngojee utaratibu wake: kwanza walimsikia, kisha walimrekebisha, ndipo akatambulishwa. Siku hizi huja kwangu watu wakitaka niwaandikie barua kwenda kwa mwenye kampuni au kwa afisa, nami sijawaona hata mara moja wakichimba kaburi pamoja nasi. Jina la mtu ni kama mbegu ya kuazima. Ukilitumia vibaya, huyo aliyekuazima hatakuwa na la kupanda mwakani. Wazee wa kanisa, msimtambulishe mtu msiyemjua kwa ajili ya kumwonea haya baba yake.

Wala tusitafute mbali kujuana ambako kuko mlangoni. Vyama vyetu vya msingi, na juu yao Chama Kikuu cha KDCU kinachozihudumia wilaya zote mbili, ni kujuana kwa biashara kwa namna kubwa kuliko yote tuliyo nayo. Tangu mwaka 2018 Serikali iliagiza kahawa ipitie katika vyama hivyo. Lakini mkutano ukiitwa wanakuja wachache, kisha makato yakitangazwa wananung'unika wengi. Mwanachama asiyejua jina la karani wake wala hajasoma kitabu cha mizani hana haki ya kushangaa. Na wanaume, andikisheni wake zenu. Mama anachuma, anaanika, anachagua, lakini katika daftari yupo mume peke yake. Mume akifa, mama huanza kujulishana na chama akiwa na umri wa miaka sitini, na mbele yake wamesimama mashemeji.

Nirudi kwa Prisila na Akila. Katika Warumi sura ya 16 Paulo awasalimu, naye asema kwamba walihatarisha shingo zao kwa ajili yake. Fikirini safari hiyo. Ilianza kwa watu waliojuana kwa kazi ya mkono, pengine wakikopeshana uzi. Hakuna hata mmoja aliyepiga hesabu siku ile kwamba huyu atanifaa Efeso, au huyu atanifia Rumi. Walishona mahema. Walikula pamoja. Mwenye mali hakumwuliza mgeni atamlipa nini mwakani. Mavuno yalikuja yenyewe, wala hayakuwa ya mmoja peke yake.

Narudia kusema kwamba mnunuzi wa butura ana jambo moja ambalo sisi hatuna: anajua nani ana shida, naye hufika mapema. Mara nyingi hufika kabla ya mwinjilisti, na kabla ya jirani mwenye akiba. Kama nyumba moja ya mtaa huu imeuza maua yake Januari, na sisi tuliopata kahawa nzuri tulikuwa hapo hapo na simu zetu mkononi, basi namba zote tulizo nazo hazikutufikisha nyumba ya pili.

Kwa hiyo tumepatana na walinzi wa kanisa na mama viongozi wa Umoja wa Mama kwamba kila mtaa utenge sehemu ya fedha ya kikundi chake cha kuweka na kukopa, isiguswe mpaka mwezi wa Desemba, iwe kwa ajili ya nyumba zitakazobanwa kabla ya mavuno. Atakayekopa atarudisha kahawa ikiuzwa, kiasi kile kile alichotwaa, bila kuongeza. Mwinjilisti wa kila mtaa apite nyumba kwa nyumba kwa miguu, si kwa ujumbe, tangu juma la kwanza la Majilio. Majina yataandikwa katika daftari moja, litakalokaa kwa mlinzi wa kanisa mmoja tu, wala halitasomwa kanisani. Wenye mizani nzuri ambao wako tayari kuiazima wakati wa mavuno, ili nyumba hizo zipime kwao kwanza kabla ya kupeleka chamani, wanijulishe baada ya ibada ya asubuhi.